Union Version yenye marejeo, Habari Njema au Biblia ya simu: ipi inafaa kupimia mahubiri?

Mkristo anayetaka kupima anachohubiriwa hahitaji maktaba. Anahitaji Biblia iliyochapwa vizuri na ujuzi wa kuitumia. Tumezipima hapa zana tatu zinazopatikana kwa urahisi Tanzania na Kenya: Union Version ya karatasi yenye marejeo (yaani orodha ya mistari mingine inayohusiana na ule unaousoma), Biblia Habari Njema, na programu ya YouVersion kwenye simu. Hatukuangalia uzuri wa jalada. Tulichouliza ni hiki: msomaji akisikia mstari mmoja umenukuliwa madhabahuni, zana hii inamrudishaje kwenye sura nzima, na kwa haraka gani? Mafundisho mengi ya uongo yanayotusumbua huja na mstari halisi wa Biblia uliong'olewa mahali pake, kwa hiyo Biblia inayorahisisha kusoma mistari kumi kabla na kumi baada ndiyo inayokulinda.

Tuanze na mstari unaofunga vinywa vya waumini wengi, Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Hutajwa kila muumini anapouliza zimeendaje fedha za ujenzi, au kwa nini unabii wa mwaka jana haukutimia. Kwenye Union Version yenye marejeo kazi ya kuupima ni ya dakika tano. Panda juu hadi mstari wa 9 na wa 10, unawakuta Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Mstari wa 12 unasema walikuwa watu wachache na wageni. Wa 14 unasema Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Sasa fuata marejeo ya pembeni. Yatakupeleka Mwanzo 12:17, Farao alipomchukua Sara. Mwanzo 20:7, ambapo Mungu anamwambia Abimeleki kwamba Ibrahimu ni nabii. Na Mwanzo 26:11, mfalme anapokataza watu wake wasimguse Isaka. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo inayozungumzia muumini anayeuliza swali. Ni wageni wasio na jeshi, waliolindwa dhidi ya wafalme wenye nguvu.

Kisha ongeza mwenyewe yale ambayo safu ya marejeo huenda isiyataje: Wagalatia 2:11-14, Paulo anamkemea Petro mbele ya watu wote, 1 Timotheo 5:19-20, utaratibu wa kupokea mashitaka juu ya mzee wa kanisa kwa mashahidi wawili au watatu, na 1 Yohana 2:20, "Nanyi mmepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu", maneno waliyoandikiwa waumini wote, nalo neno "masihi" maana yake ni aliyepakwa mafuta. Aliyefika hapo hatatishwa tena na mstari huo.

Hiyo ndiyo nguvu ya toleo lenye marejeo, na ndiyo sababu tunaliweka la kwanza. Union Version ilitoka nzima mwaka 1952, ikaunganisha kazi iliyokuwa imegawanyika kati ya tafsiri ya Unguja na ya Mvita. Bado ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, kwa hiyo mhubiri akinukuu, utakuwa na maneno yale yale mkononi. Lakini si kila Union Version dukani ina marejeo. Nyingi ni maandishi matupu. Usitosheke na neno la muuzaji. Fungua katikati ya Injili ya Mathayo, uangalie kama kuna herufi ndogo au nyota ndani ya mistari, na safu ya vifupisho vya vitabu katikati ya ukurasa, chini yake, au mwisho wa mistari. Kama huoni kitu, hilo si toleo lenye marejeo, hata kama jalada ni la ngozi na kingo za karatasi zinang'aa dhahabu. Angalia pia kama mwishoni kuna itifaki, yaani orodha ya maneno na mistari yanamopatikana, hata iwe fupi, kwa sababu siku utakapokumbuka neno na usikumbuke mstari, itifaki ndiyo itakayokuokoa.

Mambo ya ufundi nayo yasidharauliwe, kwa kuwa Biblia ya kupimia mafundisho hufunguliwa kila siku. Ifungue kwenye Zaburi na uichungulie katikati ya kijitabu, yaani fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja: ukiona uzi, imeshonwa, usipouona popote, imegundishwa tu, na kurasa za Mwanzo na za Ufunuo ndizo zitakazoanza kuchomoka. Jalada la plastiki huchubuka haraka kwenye joto na jasho la pwani. Zipu hulinda kingo dhidi ya vumbi, ila meno yake hukwaruza pembe za karatasi usipokuwa makini. Karatasi ni nyembamba sana, kwa hiyo kalamu ya wino na kalamu za rangi za maji hupenya upande wa pili. Tumia penseli ya kawaida iliyochongwa butu kidogo, au penseli za rangi. Ukiona herufi DC kwenye nambari ya toleo, maana yake vitabu vya deuterokanoni vimo, vile vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavyo na Waprotestanti wengi hawana. TI ni zile nafasi za vidole zilizokatwa pembeni za kufungulia vitabu.

Kasoro kubwa ya Union Version katika kazi hii ni kwamba haitumii alama za kunukuu. Msemaji hutajwa mara moja, kisha maneno yanaendelea, pengine kwa sura nzima, na msomaji asiyeangalia hajui tena ni nani anayesema. Ubaya wake unaonekana wazi katika Ayubu 8:7: "Ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana." Mstari huu uko kwenye mabango ya semina, kwenye kalenda, kwenye vioo vya daladala na matatu, nao hutolewa kama ahadi ya Mungu kwa mwenye biashara. Aliyesema ni Bildadi, Mshuhi, mmoja wa rafiki watatu wa Ayubu. Jina lake liko mstari wa 1, na ukifungua mstari wa 7 peke yake hulioni. Katika mstari wa 4 Bildadi huyo huyo anamdokeza Ayubu, mtu aliyetoka kuzika watoto wake, kwamba watoto hao walikufa kwa dhambi zao. Na katika Ayubu 42:7 Mungu anamwambia Elifazi, mwenzake Bildadi, kwamba hasira ya Mungu imewaka juu ya Elifazi na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu ya Mungu.

Hapa panahitaji uangalifu. Si kila neno la rafiki za Ayubu ni uongo; Paulo mwenyewe ananukuu maneno ya Elifazi katika 1 Wakorintho 3:19. Lakini kuchukua hoja ya mtu ambaye Mungu amemkemea, ukaitangaza kama "Bwana asema", ni kumsemesha Mungu asichosema. Na hoja yenyewe ya Bildadi, kwamba ukiwa safi utafanikiwa na ukiteseka basi umekosa, ndiyo ile ile inayohubiriwa leo kwa wagonjwa na maskini. Tunaliona jambo hili ni zito kuliko watu wanavyolichukulia.

Biblia Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, inazishinda nyingine zote katika kumwonyesha msomaji nani anasema. Ina alama za kunukuu na vichwa vidogo vya habari, na Kiswahili chake ni cha siku hizi. Kijana wa kidato cha pili anaweza kusoma Waraka kwa Wagalatia wote kwa mkao mmoja akaielewa hoja ya Paulo, jambo ambalo kwenye Union Version humchukua muda. Inapatikana ikiwa na vitabu vya deuterokanoni au bila, kwa hiyo Mkatoliki na Mprotestanti wote wanaweza kuitumia wanapojadiliana. Udhaifu wake ni kwamba inatafsiri maana zaidi ya kufuata neno kwa neno, kwa hiyo haifai kuwa ya pekee mtu anapojenga hoja juu ya mpangilio wa maneno ndani ya mstari. Isome hii ili uelewe sura inaelekea wapi, kisha rudi kwenye Union Version uone maneno yenyewe. Kumbuka pia kwamba vichwa vya habari na safu ya marejeo vimewekwa na wahariri. Vinasaidia sana, ila si Maandiko, na wakati mwingine rejeo limewekwa kwa sababu tu ya neno linalofanana.

Kwa sababu hiyo hiyo tunasita kumshauri anayeanza anunue Biblia yenye maelezo marefu chini ya mstari. Maelezo hayo huwa na dhehebu. Mtu husoma mstari, macho yanashuka chini, na baada ya miezi sita hajui tena lipi alilisoma juu ya mstari na lipi chini yake. Ukiwa nayo tayari, soma kurasa za mwanzo ujue maelezo yameandikwa na nani na kanisa gani, na usiyaangalie kabla hujamaliza sura.

Sasa simu. YouVersion ilianza mwaka 2008, ni kazi ya kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani. Ni bure na haina matangazo ya biashara. Ndani yake zimo Union Version, Habari Njema na tafsiri iitwayo Neno, na matoleo mengine ya Kiswahili. Faida yake isiyo na mpinzani ni kulinganisha: gusa mstari, chagua kitufe cha kulinganisha, na tafsiri kadhaa zinajipanga moja chini ya nyingine. Kwenye karatasi kazi hiyo inataka meza na Biblia tatu. Kuna pia sauti kwa baadhi ya matoleo, inayomfaa mzee mwenye macho hafifu, na maandishi yanakuzwa upendavyo. Pakua toleo unalolitaka ukiwa na bando nyumbani, kabla ya ibada, kisha uzime data ujaribu kufungua Habakuki. Ikifunguka, upo salama hata mahali pasipo na mtandao.

Tatizo ni kwamba simu inamzoeza mtu ugonjwa ule ule tunaotafuta kuutibu. Mstari wa siku unakuja peke yake. Picha ya mstari inatumwa kwenye kundi la WhatsApp bila sura. Yeremia 29:11 ndiyo inayoumia zaidi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Imetumwa kwa watahiniwa, kwa mabibi harusi, kwa wanaosubiri viza. Fungua sura nzima. Ni barua kwa wafungwa waliohamishiwa Babeli. Mstari wa 10 unasema miaka sabini itimie kwanza, maana yake wengi waliosomewa barua ile wangefia ugenini. Mstari wa 8 na wa 9 unaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao, kwa kuwa wanatabiri uongo kwa jina la Bwana. Yaani mstari unaopendwa kuliko yote na wanaojiita manabii umetanguliwa, hatua mbili tu juu, na onyo juu yao. Picha ya simu haikuonyeshi hilo. Dawa ni ndogo: ukigusa mstari uliotumiwa, usifunge, chagua kusoma sura nzima, upande juu hadi mwanzo wake.

Kutafuta maneno nako kuna mtego. Injini ya kutafutia hufuata herufi ulizoandika, na kitenzi cha Kiswahili hubadilika mwanzoni, kwa hiyo ukiandika "danganya" unaweza kukosa "asiwadanganye" na "watadanganya" yote. Jaribu maumbo matatu manne, au tafuta jina badala ya kitenzi. Angalia na tahajia za zamani: 2 Petro 2:1 katika Union Version inasema "waalimu wa uongo", kwa a mbili. Anayeandika "walimu" anaweza kuambiwa hakuna kitu, akadhani Biblia haijasema.

Jihadhari pia na programu nyingi zinazoitwa "Biblia Takatifu" kwenye duka la simu bila kutaja chama cha Biblia wala jina la tafsiri. Baadhi zimejaa matangazo, na huwezi kujua nani aliyachapa maandishi. Kabla ya kuiamini programu yoyote, linganisha na Biblia ya karatasi mistari michache: Yohana 1:1, Yohana 20:28, Wakolosai 1:15-17. Ikitofautiana hata kwa neno na tafsiri inayodai kuwa ni yake, ifute.

Hapo pana jambo la kuwaambia wanaojibu wale wanaokana Uungu wa Kristo wanapobisha hodi mlangoni. Wengi wetu hukimbilia 1 Yohana 5:7-8 kwa maneno ya "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu". Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki, na mgeni wako huenda analijua hilo. Ukianza hapo, umeshindwa kabla ya chai kupoa. Anza na Yohana 1:1-3, uende 20:28, ambapo Tomaso anamwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu!" na Yesu hamkatazi, kisha Wafilipi 2:6-11, Waebrania 1:1-8, na Matendo 5:3-4 juu ya Roho. Mistari hiyo inajitosheleza, na marejeo ya Union Version yanaifunga pamoja vizuri.

Zana zote tatu tukazitia pia kwenye mafundisho mawili yaliyogharimu uhai wa watu. Mwaka 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Yakobo 5:14 ndiyo hunukuliwa juu ya mafuta. Soma inavyosema: mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, wao ndio wanaokuja, wanamwombea na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hakuna foleni, hakuna chupa ya kununua, na mstari wa 15 unasema ni kule kuomba kwa imani. Mahali ambapo mafuta au maji yanauzwa, marejeo yanakupeleka Mathayo 10:8, "mmepata bure, toeni bure", na Matendo 8:20, Petro anapomwambia Simoni fedha yake ipotelee mbali pamoja naye.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Ilielezwa kwamba waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sura iliyopaswa kusomwa ni 1 Timotheo 4. Mistari mitatu ya kwanza inataja waziwazi watakaozuia watu wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani, na inayaita mafundisho hayo ya mashetani. Wakolosai 2:20-23 inaongeza juu ya kuutaabisha mwili. Mathayo 24:36 inamaliza habari ya anayetangaza tarehe ya mwisho wa dunia. Katika jaribio hili Habari Njema ndiyo iliyofaa zaidi, kwa kuwa mtu mwenye hofu na njaa anahitaji maneno anayoyaelewa mara ya kwanza.

Malaki 3:10, mstari wa kuleta zaka ghalani, tuitaje kwa ufupi, maana kila mtu anaijua. Usianze na ghala. Anza 1:8 juu ya dhabihu zilizo vipofu na vilema, 2:1 ambapo amri inaelekezwa kwa makuhani wenyewe, kisha 3:5 juu ya wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, mjane na yatima. Marejeo yatakupeleka Kumbukumbu la Torati 14:28-29, ambako zaka inaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane, na Nehemia 13:10-13 ambako ghala hilo lina watunzaji waliochaguliwa kwa uaminifu wao. Kutoa ni wajibu mwema. Ila anayedai zaka kwa Malaki 3:10, Malaki 3:5 inamdai yeye pia.

Ukishapima, namna ya kusema ina uzito wake. 1 Petro 3:15 inataka tuwe tayari kujibu "kwa upole na kwa hofu". Usisimame katikati ya ibada. Andika mstari na tarehe, mwendee mchungaji au mzee wa kanisa faraghani, Biblia ikiwa wazi, ukamuulize: nani anasema hapa, anamwambia nani, sura inaishia wapi, na Kristo yuko wapi katika fundisho hili? Mchungaji mwaminifu atashukuru, na mara nyingi atakuongezea usichokijua. Akikujibu kwa laana, umeshajua uko wapi, na hapo ndipo utaratibu wa Mathayo 18:15-17 unapoanza.

Kwa mtu mmoja, tunashauri anunue Union Version yenye marejeo kwanza, aweke YouVersion kwenye simu kwa ajili ya kulinganisha, na Habari Njema aitafute baadaye. Maduka ya vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu muuzaji wa huko anajua toleo lipi lina marejeo. Kwa kikundi cha nyumbani cha watu wanane, Union Version mbili zenye marejeo, Habari Njema mbili na simu moja zinatosha. Mmoja asome, mmoja afuate marejeo, mmoja alinganishe, mmoja aandike. Somo la kwanza liwe Waraka wa Yuda, wenye mistari 25. Mstari wa 3 una agizo la kuishindania imani, na wa 11 una majina matatu ya kufuatilia: Kaini katika Mwanzo 4, Balaamu kuanzia Hesabu 22, na Kora katika Hesabu 16. Balaamu mpeni muda mrefu zaidi, kwa kuwa yeye alitabiri kweli na bado akaangamia kwa ajili ya ujira.